MAKOMANDO WA MSITU WETU: HADITHI YA MAGENGE BANDIA YA NYANDARUA

Ukisikia neno komando bila shaka akili yako inakimbilia video. Unamwona jamaa mwenye kifua kama mlango, bunduki huku na huku, anamaliza kikosi kizima bila hata kukwaruzwa na mwiba. Hao ni wa sinema na tuwaachie sinema. Katika makala hii nataka kuwaeleza makomando waliofanya kazi hapa hapa kwetu, katika msitu tunaouona kila asubuhi tukija shule, na ambao silaha yao kubwa haikuwa bunduki. Ilikuwa nywele chafu, koti lililoraruka na lugha ya mama.

Kwanza neno lenyewe, kwa maana lina safari ndefu. Neno hili lilitoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Walipopigana na Waingereza kutoka 1899 hadi 1902, vikosi vyao vya wakulima wapanda farasi ndivyo vilivyoitwa komando. Vilikuja ghafla, vikapiga, vikatoweka. Mmoja wa Waingereza waliozingirwa na Makaburu ni Robert Baden-Powell, aliyekaa siku 217 katika mji wa Mafeking akiwa amefungiwa kama kuku katika tundu. Naam, ni huyo huyo wa Skauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri mjini, nauli ya matatu tu kutoka hapa Mweiga. Alifariki Januari 1941. Miezi michache kabla ya kifo chake, yaani Juni 1940, Wajerumani wakiwa wamewatimua Waingereza kutoka Ufaransa, afisa mmoja aliyezaliwa Johannesburg, Dudley Clarke, alipendekeza paundwe vikosi vidogo vya kuvamia pwani za adui usiku na kurudi kabla ya mapambazuko. Vikaitwa makomando. Kwa hivyo Waingereza walichukua jina na mbinu ya watu waliokuwa wamewatoa jasho. Kumbuka jambo hili manake litarudi tena.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya. Sababu zake mmezisoma darasani: mashamba, kipande, kodi na kiapo. Sitazirudia. Usiku huo huo wanajeshi wa Lancashire Fusiliers walikuwa wanaletwa Nairobi kwa ndege kutoka Misri. Vijana kutoka Nyeri, Murang'a na Kiambu wakaingia msituni, wengine Kirinyaga, wengine Nyandarua. Waingereza waliuita msitu huu Aberdare. Ulipigwa marufuku, na mtu yeyote aliyeonekana ndani yake angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina wala anakokwenda.

Wakati huo Mweiga ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Na hapa palikuwa na uwanja mdogo wa ndege. Wengi wetu tunafikiri uwanja wa Mweiga ni wa watalii wanaokuja kuona ndovu, lakini kabla ya watalii kulikuwa na ndege za Harvard za jeshi la anga la Uingereza, kikosi namba 1340. Kikosi hiki kilianzia Thika kikahamia Mweiga. Ndege zenyewe hazikuwa hata za vita. Zilitengenezwa kwa kufundishia marubani, zikafungwa bunduki na mabomu madogo ya ratili 20 hivi. Baadaye yakaletwa madege makubwa ya Lincoln, ambayo yaliruka kutoka Eastleigh Nairobi yakiwa na mabomu ya ratili 500 na mengine 1,000.

Je, yalisaidia? Mtu aliyewahi kuingia msitu ule anajua jibu. Kuna miti mikubwa, ukipanda juu unakutana na mianzi iliyoshikana kama meno ya kitana, kisha juu kabisa ni uwanda wa nyasi wenye ukungu na baridi ya kuuma mifupa, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Rubani akiangalia chini anaona blanketi la kijani. Mabomu mengi yaliangukia miti na wanyama. Kufikia katikati ya 1955 madege makubwa yakaacha kazi hiyo.

Askari wa miguu nao hawakufaulu sana. Januari 1955 Jenerali George Erskine alimwaga maelfu ya askari katika Nyandarua kwa operesheni iliyoitwa Hammer, yaani Nyundo. Walipanda mpaka juu kisha wakateremka wakipekua. Waliouawa, kukamatwa au kujisalimisha hawakufika hata mia mbili. Si ajabu. Askari wa Uingereza alinuka sabuni, mafuta ya nywele na sigara, na mpiganaji aliyekaa msituni miaka miwili alimnusa kabla hajamwona. Ndege na tumbili nao walipiga kelele wakiona mgeni. Kutumia nyundo kuua mbu! Nyundo inavunja meza na mbu anaruka.

Hapo ndipo wanapoingia makomando wetu.

Frank Kitson alikuwa afisa kijana wa jeshi la Uingereza aliyeletwa Kenya 1953 kufanya kazi ya upelelezi Kiambu. Hakujua Kikuyu, hakujua Kenya. Alichokijua ni kwamba jeshi lina nguvu nyingi lakini halina macho. Akaanza kuunda vikundi vidogo vya kujifanya Mau Mau. Vijana wa Kenya Regiment, yaani watoto wa walowezi waliokulia hapa, nao walikuwa wanajaribu mambo kama hayo. Mwanzoni Wazungu wenyewe walijipaka rangi nyeusi usoni na mikononi, wakavaa nywele bandia na makoti makuukuu. Usicheke, msomaji. Walitembea usiku tu na kukaa nyuma gizani, huku Waafrika waliokuwa mbele ndio wanaosalimia na kuongea. Mmoja wa vijana hao, Bill Woodley, baadaye alikuwa mkuu wa hifadhi za wanyama za milimani, na msitu ule ule ukawa ofisi yake.

Lakini rangi ya uso haitoshi. Ili genge bandia lifaulu, lilihitaji watu wanaojua njia ya kwenda kwa majenerali, salamu za siku hiyo, nani amekufa, nani amepanda cheo, chakula kinafichwa wapi, na mtu anayetoka msituni anavyotembea na anavyochutama. Hayo hayafundishwi kambini. Yalijulikana na watu wa aina moja tu, nao ni wapiganaji wenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya magenge bandia ilikuwa ya wapiganaji waliokamatwa au kujisalimisha, kisha wakageuzwa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Waligeuzwa vipi? Hili ndilo swali lililoleta vurugu katika mjadala wa Chama muhula uliopita, mpaka mwalimu akalazimika kugonga meza. Wengine walisema ni tamaa ya pesa, wengine wakasema ni uoga, na msichana mmoja akanyamaza kabisa, kwa sababu ambayo aliniambia baadaye na ambayo si yangu kuitangaza. Nimejaribu kulifikiria bila hasira na naona hivi. Katika Hali ya Hatari sheria ilikuwa kwamba kupatikana na bunduki, au hata risasi peke yake, kungeweza kumpeleka mtu kitanzini. Kusimamia kiapo, vivyo hivyo. Kuandamana na wenye silaha, vivyo hivyo. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo. Sasa chukua kijana wa miaka ishirini aliyekamatwa na bunduki ya kujitengenezea kwa bomba la maji. Badala ya kupelekwa kortini anapewa chakula, blanketi na sigara. Anaongeleshwa kwa lugha yake kwa upole. Kisha anaambiwa kwamba kuna mlango mmoja unaoelekea kitanzini, na mwingine unaorudi msituni, ila sasa na sisi. Akienda mara moja tu na kupiga risasi upande ule, basi amekwisha, hawezi kurudi kwa wenzake tena. Hapo hakuna haja ya kumfunga kamba.

Mimi siwezi kuita hiyo hiari. Pia siwezi kusema hawakufanya walichokifanya, kwani watu walikufa kwa kuwaamini.

Kulikuwa na njia nyingine pia, ambayo haikuhitaji hata kuingia msituni. Mtu alivikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akakalishwa, na wanakijiji wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi unaenda nyumbani, akitikisa vile unaenda kizuizini. Kikuyu wakamwita gakunia. Wakati wa operesheni ya Anvil iliyoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya watu walipita mbele ya magunia kama hayo.

Lakini kwa watu wa kawaida, lililouma zaidi ni genge bandia kuja kijijini. Kuanzia katikati ya 1954 serikali iliwatoa watu zaidi ya milioni moja katika boma zao na kuwasukuma katika vijiji zaidi ya 800, vyenye ua, mnara wa mlinzi na homugadi, ambao wazee huwaita ngati. Cucu yangu alikuwa na umri wa miaka saba hivi wakati mama yake alipohamishiwa kijiji kimoja upande wa Tetu. Asubuhi akina mama walitolewa kwenda kuchimba handaki kati ya msitu na mashamba. Si mtaro wa kupitisha maji! Handaki la Kirinyaga peke yake lilikuwa na urefu wa takriban maili 50, upana ambao mtu hawezi kuruka, na chini yake vijiti vya mianzi vilivyochongwa. Lilichimbwa kwa majembe na mikono ya wanawake, watoto na wazee, na malipo yake hayakuwepo.

Cucu anasema usiku mtu aliweza kugonga mlango polepole na kuomba chakula. Sauti ni ya Kikuyu safi, nywele ndefu zilizosokotwa, harufu ya moshi na ya ngozi. Sasa mama wa nyumba afanye nini? Kama ni mpiganaji wa kweli na unamnyima, umewanyima watoto wa ndugu zako, na pengine atarudi na hasira. Kama ni bandia na unampa viazi viwili, kesho asubuhi wanakuja na lori na wewe ndiwe ushahidi. Nilimuuliza Cucu, je, walikuwa na njia ya kuwatambua? Akasema watu walitazama miguu. Mtu wa msituni miguu yake imepasuka kama udongo wa kiangazi, na huwezi kupaka rangi ya kupasua miguu. Lakini baadaye, akasema, hata miguu ikawa ya kweli, na hapo watu wakaacha kufungua.

Nafikiri hapo ndipo vita vilipogeuka. Sizungumzii risasi, nazungumzia mlango uliofungwa. Jeshi la msituni lilikula kwa mikono ya akina mama. Handaki, ua na hofu ya mgeni viliukata mkono huo.

Kabla sijafika kwa Kimathi, niseme kidogo juu ya Burma, kwa sababu watu husahau wapiganaji wetu walisoma wapi. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China na aliyeongoza Kirinyaga, alikuwa askari wa KAR, au Keya kama walivyosema wazee, na alipigana na Wajapani huko Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Alijifunza vita vya msituni kwa bunduki ya Mfalme, akaja akaitumia elimu hiyo dhidi ya serikali ya Malkia. Tarehe 15 Januari 1954 alikamatwa akiwa na jeraha la risasi shingoni. Aliyemhoji kwa saa 68 ni Ian Henderson wa Special Branch. Itote alihukumiwa kifo hapa Nyeri, kisha akaachiwa maisha yake ili asaidie mazungumzo ya kuwatoa wenzake msituni. Mazungumzo yalivunjika. Aliishi akaona uhuru na kuandika kitabu chake 1967. Na kwa upande wa pili, Nyeri mjini kulikuwa kunaishi Jim Corbett, mwindaji maarufu wa chui na simba-marara wa India, ambaye wakati wa vita hivyo aliwafundisha askari wa Uingereza jinsi ya kuishi msituni kabla ya kwenda Burma. Alikufa Nyeri Aprili 1955 akazikwa makaburi yale yale ya Baden-Powell. Mji mdogo, mambo makubwa.

Henderson huyu ni wa kuogopesha kwa namna yake. Alizaliwa Scotland 1927 lakini alikulia huku kwetu na Kikuyu alikisema kama mtu wa Tetu. Mpango wa magenge bandia ulipokua, polisi waliunda vikosi maalumu 1955, kila kimoja kikiwa na wapiganaji wa zamani. Kufikia 1956 kazi iliyobaki ilikuwa moja, kumpata Dedan Kimathi. Henderson aliwatuma Nyandarua watu waliokuwa wamekula na Kimathi, waliojua anavyoomba, anavyolala na anavyobadilisha kambi. Kimathi naye hakuwa mjinga. Alihama hama, hakumwamini mtu, aliacha ujumbe katika mti wa mugumo ambao leo ndani ya hifadhi unaitwa Posta ya Kimathi. Miezi ikapita. Kila wiki watu wake walipungua, wengine wakauawa, wengine wakageuzwa na kurudi kumtafuta.

Sasa sikiliza jinsi ilivyoisha. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, Kimathi alikuwa pembeni mwa msitu upande wa Tetu, amevaa koti la ngozi ya chui, ametoka kutafuta chakula. Aliyempiga risasi pajani hakuwa mtu wa genge bandia wala Henderson. Alikuwa askari wa utawala wa hapa hapa, Ndirangu Mau, aliyekuwa zamu kulinda mpaka. Ujanja wote ule ulimfukuza Kimathi mpaka ukingoni, lakini kilichomtoa nje ni njaa. Henderson aliandika kitabu kizima juu ya msako huo na ukikisoma utafikiri ni yeye peke yake aliyeshinda vita. Mimi ningewapa sifa, kama ni sifa, akina mama waliochimba handaki kwa lazima.

Kesi ilifunguliwa Nyeri tarehe 19 Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Mashtaka yalikuwa kupatikana na bastola na risasi. Kwa mashtaka hayo alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa huko gerezani bila alama ya kaburi.

Hesabu ya serikali yenyewe ilisema wapiganaji waliouawa ni zaidi ya 11,000. Walowezi waliouawa ni 32. Waafrika waliouawa na Mau Mau kwa kuwa upande wa serikali ni zaidi ya 1,800. Nimeandika hesabu zote tatu kwa sababu katika darasa letu kuna wajukuu wa pande zote.

Waliofaidi mbinu hii hawakuiacha hapa. Kitson aliandika kitabu juu yake 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa kamanda wa brigedi huko Belfast, Ireland ya Kaskazini. Alifariki Januari 2024 akiwa na miaka 97. Henderson alifukuzwa Kenya 1964, akaenda Bahrain kuongoza usalama wa huko kwa miaka mingi, akafia huko 2013. Mwaka huo huo, tarehe 6 Juni, serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa katika Hali ya Hatari. Kumbuka pia kwamba hapa kwetu chama cha Mau Mau kilikuwa bado haramu kisheria mpaka 2003!

Na wale wa magenge bandia? Hawana sanamu, hawana kitabu chao, na sidhani kuna mzee anayejisifu kwenye mazishi kwamba alikuwa mmoja wao. Walirudi vijijini, wakapata watoto, na watoto wao wakaoana na watoto wa wale waliowawinda. Wengine wamebaki kuwa jina linalotajwa kwa sauti ya chini mzee mwenyewe akiwa ametoka nje.

Chama cha Kiswahili kimeanza daftari la masimulizi ya wazee wa Mweiga, Tetu na Kieni, na mpaka sasa tuna wazee tisa. Kama kwenu kuna cucu au guka anayekumbuka kijiji, handaki au uwanja wa ndege, muulize kwanza kama anakubali, kisha umwandikie kwa maneno yake bila kuyapamba. Asiyetaka jina lake litajwe hatalitaja, na hilo tumeahidi. Daftari liko kwa katibu wa Chama, na tunakutana kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho. Wanaotembea mbali wataruhusiwa kuondoka mapema.